Redio Tatu kwa Mizani Moja

Maneno yalianzia kwenye hitma, huko Kondoa, ambako watu husema polepole mambo ambayo sokoni hawayasemi kabisa. Ilikuwa hitma ya marehemu mama yake Swaumu. Mjomba Abubakari, kaka wa marehemu, alipomaliza chai yake alisema kwamba magunia yake ya mahindi siku hizi yana ugonjwa. Yakipimwa kijijini, kwenye ghala la ushirika, yana kilo mia na nne. Yakifika Dodoma mjini, sokoni Majengo, yana mia.

"Gunia langu hukonda safarini," alisema, na watu wakacheka, maana alilisema kwa upole na hakumtaja mtu. Lakini hakukuwa na haja ya kutaja. Kila aliyekaa kwenye ule mkeka alijua kwamba Mjomba Abubakari huuza mahindi yake kwa mtu mmoja tu, naye ni shemeji yake, Mzee Bashiri, ambaye wakati huo alikuwa nje akiwasindikiza wageni.

Swaumu binti Bashiri hakucheka. Alikuwa upande wa wanawake, sinia la maandazi mikononi, na pazia halikuzuia hata neno moja. Angekuwa mwanamume angetoka pale pale akamjibu mjomba wake, shikamoo baadaye.

Na alikuwa na haki ya kukasirika. Mzee Bashiri ndiye mfanyabiashara wa nafaka aliyekataa lumbesa, yale magunia yanayoshindiliwa mpaka yanaota kichwa na bado yanahesabiwa gunia moja. Wenzake waliponunua kwa macho, yeye alileta mizani ya jukwaa, ya chuma, yenye muhuri wa wakaguzi wa vipimo kila mwaka. Watu walimwita Bashiri Mizani. Swaumu alikulia ndani ya jina hilo, akasoma nalo, akapata nalo kazi ya masjala katika wizara moja huko Mtumba. Ukimgusa kwenye jina hilo umemgusa jichoni.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ndivyo watu wanavyosema, na Swaumu alijua kwamba neno lililotoka kwenye hitma litafika Majengo kabla ya wiki kwisha. Dawa yake aliipata ndani ya basi la kurudi Dodoma. Binti huyu alikuwa na uraibu ambao shangazi zake hawakuuelewa: jioni, wenzake wakisukana nywele, yeye alilehemu nyaya kwenye vile vibao vidogo vya kompyuta, vyenye ukubwa wa kiberiti, ambavyo mafundi wa kujifurahisha hununua kwa bei ndogo na kuviandikia programu wenyewe. Alishatengeneza taa inayojiwasha na kengele ya tangi la maji. Sasa angetengeneza kitu chenye maana.

Tatizo la mizani ya baba yake, alivyoliona yeye, lilikuwa mahali ilipokaa. Ilikuwa ndani kabisa, nyuma ya duka. Mpimaji husukuma jiwe la chuma juu ya mkono wa mizani mpaka mkono utulie, kisha anaita namba kwa sauti, naye mkulima aliyeko nje na magunia yake anasikia tu. Swaumu angeweka vihisio vya uzito chini ya miguu minne ya mizani, na nje, juu ya mlango, angetundika kibao cha tarakimu nyekundu. Kila mkulima angeona gunia lake kwa macho yake mwenyewe.

Baba yake alimsikiliza akichambua kunde, akauliza swali moja tu.

"Kibao kitaonyesha kile mizani inachosema?"

"Ndiyo, Baba," alisema Swaumu.

"Basi fanya."

Alifurahi mpaka akampigia mjomba simu hapo hapo, akamwalika aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi na magunia yake, aje na majirani zake pia, waone. Mjomba alikubali. Kwa hiyo siku ilikuwa imewekwa, na kilichowekwa rehani kilikuwa jina la Mzee Bashiri. Swaumu alijua hivyo, na alilala usingizi mzuri.

Alichukua likizo kazini, na siku ya kwanza alitumia waya. Haukudumu mpaka gunia la kwanza lipimwe. Mbeba magunia mmoja aliukanyaga, wa pili akajikwaa nao, wa tatu akaukata kwa hasira na kuomba radhi baadaye. Ikabidi iwe redio.

Redio alizipata kwa Erick, fundi simu mwenye kibanda mtaa wa pili kutoka sokoni, ambaye chini ya kioo chake, kati ya chaja na betri, huweka vitu vya watu wenye uraibu kama wa Swaumu. Erick alimpangia aina tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya bei chee kabisa, vipande viwili, kimoja cha kusema na kimoja cha kusikia. Kile cha kusema hupiga kelele hewani na hakijui kama kimesikika. Ya pili ilikuwa nyeusi, ndogo zaidi, na hiyo hujibizana: ikituma ujumbe, mwenzake lazima aseme nimepata, la sivyo inarudia. Ya tatu, iliyoitwa LoRa, ilikuwa ghali kuliko zote, na Erick alidai inasikia mnong'ono kutoka mashamba ya zabibu ya Makutupora. Swaumu alicheka, akasema yeye anataka kuvuka mita kumi, hana shida na Makutupora. Akachukua ya bei chee.

Nyumbani ilifanya kazi vizuri. Alipima mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano, kibao kikasema ishirini na tano. Alijipima mwenyewe na hakufurahia jibu, lakini lilikuwa la kweli. Akaipeleka sokoni kifua mbele.

Gunia la kwanza lilipandishwa. Ndani, Mzee Bashiri alisukuma jiwe lake, akaita, "Mia." Nje, kibao kikawaka mia na nne.

Mia na nne! Namba ile ile ya kwenye hitma, nyekundu, juu ya mlango wa baba yake. Bahati nzuri mwenye gunia alikuwa anagombana na mwenye mkokoteni na hakuinua macho. Mzee Bashiri alitoka, akaitazama namba kwa muda, kisha akacheka kwa sauti ambayo Swaumu hakuizoea.

"Redio yako hiyo, mwanangu. Cha bei chee hicho. Kizime."

Alikizima kwa aibu. Na aliamini. Redio ile kweli ilikuwa na wazimu wake. Bodaboda mmoja akibonyeza rimoti ya king'ora cha pikipiki yake karibu na mlango, kibao kilionyesha elfu tisa au hakikuonyesha kitu. Kitu kinachoweza kusema elfu tisa kinashindwaje kusema mia na nne? Alirudi kwa Erick kuchukua ile nyeusi, akailehemea kapasita, kijidude cha kutuliza umeme, kwenye miguu yake ya umeme kama alivyoelekezwa, maana bila hiyo huzimia ovyo. Wazimu ulikwisha. Elfu tisa haikuonekana tena. Gunia likapanda, baba yake akaita mia, kibao kikasema mia na nne.

Safari hii Mzee Bashiri hakucheka. Alisema huenda ni simu za watu, soko zima lina simu. Akamtia moyo: atafute redio nzuri zaidi, asikate tamaa, kazi nzuri haitaki haraka. Swaumu aliguswa sana na maneno hayo. Aliacha kununua kitenge alichokuwa amekionea hamu, akamlipa Erick, akaondoka na LoRa.

Mia na nne.

Alirudi kwenye kibanda Alhamisi mchana akiwa karibu kulia, zikiwa zimebaki siku mbili. Alimpa Erick daftari lake, ambamo alikuwa ameandika kila gunia, upande mmoja neno la mizani na upande wa pili neno la kibao. Mia, mia na nne. Sabini na tano, sabini na nane. Hamsini, hamsini na mbili. Erick alisoma mara mbili, akaiweka chini simu aliyokuwa akiitengeneza.

"Swaumu, redio ikikosea, hukosea kihuni," alisema. "Leo tisa, kesho sifuri. Na hii ya mwisho inahakiki kila ujumbe, ukiharibika hewani inautupa. Hii yako inakosea kwa adabu. Kwenye hamsini mbili, kwenye mia nne. Redio gani ina adabu hiyo?"

"Unataka kusema nini kuhusu baba yangu?"

"Sijamtaja baba. Nimetaja mizani."

Aliondoka bila kuaga. Njiani alimtukana Erick kimoyomoyo kwa matusi yote anayoruhusiwa mtu aliyelelewa vizuri, na matusi yalipokwisha alibaki na daftari. Ndipo alipokumbuka maji. Lita ya maji ni kilo, hilo halihitaji fundi.

Baba yake alipokwenda msikitini kusali alasiri, Swaumu alijaza madumu matano ya lita ishirini kwenye bomba la jirani, akayabeba moja moja mpaka kwenye jukwaa. Lita mia, na kila dumu tupu kama kilo moja: mia na tano. Kibao kilisema mia na tano. Alisukuma jiwe juu ya mkono wa mizani mpaka mkono ukatulia. Mia na moja.

Alichomoa redio kabisa, akaunganisha waya. Mia na tano. Alishusha madumu, akayapandisha tena kwa mpangilio mwingine, kana kwamba maji yangebadili mawazo. Mia na tano kwa kibao, mia na moja kwa mizani. Aliketi juu ya gunia la mtama. Mizani ya Bashiri Mizani ilikuwa inapunja watu! Na muhuri wa wakaguzi wa mwaka huu uko pale pale, unang'aa.

Baada ya mshtuko alimwonea baba yake huruma. Masikini, mzee wa watu, mizani imechoka na yeye hajui, na wakulima wanamdhania vibaya. Itabidi amwambie taratibu. Alipanga maneno yake yote huku akipika, na walipokaa kula baada ya magharibi akayatoa: chuma huchoka kama mtu, si kosa la mwenye nacho, bado kuna siku mbili, wamwite fundi, wawaeleze watu ukweli, wataelewa. "Inapunja kilo nne kwa kila mia, Baba."

Mzee Bashiri alimega ugali, akauchovya, akatafuna mpaka mwisho.

"Nani mwingine umemwambia?"

Hakushangaa. Hilo ndilo lililomchoma Swaumu kuliko maneno yote yaliyofuata. Alimtazama baba yake usoni akitafuta mshangao hata wa kuigiza, na haukuwepo. Alitafuta swali lolote la mtu asiyejua: tangu lini, umejuaje, una hakika. Hapakuwa na swali. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Kisha mzee alizungumza, bila haraka, kama mtu anayeeleza bei ya mbegu. Pale Majengo, alisema, kuna wanaochukua kilo kumi kwenye kila gunia. Kuna wanaochukua kumi na mbili. Yeye anachukua nne. Kwa nini Swaumu anadhani wakulima wanatoka Kondoa mpaka Kongwa wanamfuata yeye? Wanajua sokoni kila mtu anapunja, nao wanamtafuta anayepunja kidogo. Wao wenyewe hunyunyizia mahindi maji. Bila zile nne duka lingefungwa mwaka ule wa ukame, na Swaumu asingemaliza chuo.

"Na muhuri?" aliuliza Swaumu.

"Wakija wakaguzi, mizani huwa sawa."

Swaumu aliutazama ugali uliokuwa mbele yake, uliosongwa kwa unga wa dukani kwao, na mkono wake ukagoma kuingia kwenye sahani. Zile redio! Safari zote zile za kwa Erick, yale maneno matamu ya usikate tamaa, mwanangu. Mzee alikuwa anajua kila mara alipomtuma. Alikuwa ananunua muda, wiki moja moja.

"Ulisema kibao kitaonyesha kile mizani inachosema," baba yake alimaliza, na sauti yake ikawa ndogo. "Fanya kiseme hivyo. Jumamosi shemeji yangu anakuja na watu. Sina jina lingine, Swaumu. Nina hili tu."

Tuseme ukweli, wengi wetu tungejua la kusema kama mzee yule asingekuwa baba yetu. Swaumu alilia kidogo, akaosha vyombo, akafungua kompyuta yake. Ulikuwa mstari mmoja tu. Kila kilo mia na nne zitakazopita, andika mia. Aliuandika, akaupakia kwenye kile kibao kidogo cha kompyuta, na mashine haikulalamika. Mashine huandika chochote unachoiambia.

Jumamosi watu walijaa. Mjomba Abubakari alikuja na lori lenye magunia thelathini na wakulima sita kutoka vijiji vya milimani, mmoja wao Bi Amina, mjane aliyeuza mahindi kwa Bashiri tangu mumewe akiwa hai. Swaumu aliwaamkia wote, shikamoo baada ya shikamoo, bila kumtazama yeyote machoni. Alieleza vihisio, akaeleza redio, akaeleza kwamba redio hii ni ya uhakika, imejaribiwa mara tatu. Sauti yake ilimtoka kama ya mtu anayesoma tangazo.

Gunia la Mjomba Abubakari likapanda. Ndani, Mzee Bashiri alisukuma jiwe. Nje, watu waliinua vichwa. Zote mbili zilikuja kwa pamoja, sauti ya mzee na taa nyekundu: mia.

Watu wakaguna kwa kuridhika. Bi Amina alisema alhamdulillahi. Wakapandisha la pili, mia tena. La tatu, tisini na nane na tisini na nane. Mfanyabiashara mmoja wa jirani, ambaye Swaumu sasa alijua huchukua kumi au zaidi, alipiga makofi kuliko wote. Walipolipandisha la nne, Mzee Bashiri aliita mia, kibao kikaitikia mia, na Mjomba Abubakari akaingia dukani, akapita kati ya magunia mpaka kwenye mizani, akamshika shemeji yake mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bashiri," alisema, na aliinua sauti ili walioko nje wasikie. "Nilisema neno baya juu yako kwenye hitma ya dada yangu. Nilikudhania wewe, kumbe mbovu ni mizani ya kijijini, na dhana ni dhambi. Nilikusema mbele ya watu, basi naomba unisamehe mbele ya watu."

Swaumu alikuwa mlangoni. Alitamani ardhi ipasuke. Mtu aliyeibiwa alikuwa ameinamisha kichwa, anamwomba radhi aliyemwibia, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Jibu la baba yake lilitakiwa liwe jepesi, neno moja, nimekusamehe, halafu watu wanywe chai. Swaumu aliliona likipanda mpaka kwenye midomo ya mzee, na pale likakwama. Mzee Bashiri akauchomoa mkono wake taratibu, akageukia mizani.

Hakutafuta. Mkono ulikwenda moja kwa moja, akalivua lile jiwe la chuma kutoka kwenye mkono wa mizani, akaligeuza, na kwa sarafu aliyoitoa mfukoni akafungua kifuniko kidogo kwenye kitako cha jiwe. Kipande cha risasi, ile metali nzito, kikubwa kama kifundo cha kidole gumba, kikadondoka kiganjani mwake. Alikitazama, akakiweka katika kiganja cha Mjomba Abubakari, akavifunga vidole vya mjomba juu yake. Halafu akalirudisha jiwe, sasa jepesi, mahali pake, akalisukuma mbali kuliko mwanzo. Gunia lilikuwa bado jukwaani. Mkono wa mizani ulitulia.

"Mia na nne," aliita, kwa sauti ile ile ya siku zote.

Aliyekuwa anashusha gunia kwenye lori alisimama nalo begani. Bi Amina aliziba mdomo kwa upande wa mtandio wake. Yule mfanyabiashara wa jirani alianza kurudi nyuma polepole kuelekea dukani kwake, ambako nako kulikuwa na mizani. Swaumu mwenyewe alikuwa ameduwaa, hajui kama anachokisikia kifuani ni aibu au ni nafuu, na kwa muda mfupi alidhani kwamba yamekwisha, kwamba baba yake ameyabeba yote peke yake.

Kisha Bi Amina akainua kidole kuelekea juu ya mlango. Mmoja mmoja, watu wakageuza vichwa. Mizani ilikuwa imesema mia na nne, na soko zima lilikuwa limesikia. Kibao cha Swaumu kilikuwa kinawaka, chekundu na kimetulia: mia.

Mjomba Abubakari alitoka nje akiwa bado amefumba kile kipande cha risasi mkononi. Alikisoma kibao, kisha akamtazama binti wa dada yake, na katika uso wake palikuwa na ombi, aseme ndiyo, aseme tu ndiyo wamalize.

"Swaumu, mwanangu. Redio yako imeharibika tena?"

Ilikuwa rahisi sana. Kila mtu pale alishasikia habari za redio zake.

"Hapana, Mjomba," alisema. "Redio ni nzima. Namba hiyo niliiandika mimi."